Karai Lina Baridi

Karai la baba linaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari aliopigilia yeye mwenyewe. Baada ya kufariki kwake hakuna aliyeligusa isipokuwa mama. Kila lilipoanza kupauka alilishusha, akalifuta vumbi, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya kupikia na kulipaka ndani na nje hadi likang'aa kama uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha alilifunga kwenye kipande cha shuka kuukuu na kulirudisha msumarini. Ukimkuta katika kazi hiyo alikuambia bila kuulizwa, "Chuma hiki. Kisipopakwa kinaliwa," halafu akaulizia jambo jingine kabisa, labda kama umefunga banda la kuku.

Nilizoea kumwona hivyo na nikadhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi, sikukosea. Ila chini yake kulikuwa na kitu kingine, na hicho nilikuja kukijua mwaka huu, mama alipokuwa anajiandaa kuhama.

Baba alikuwa fundi bati. Karakana yake ilikuwa ndiyo sebule yetu ya mbele: mkasi wa kukatia mabati, jiko la mkaa la kuyeyushia risasi ya kulehemu, na kipande cha reli alichokifanya fuawe ya kugongea bati. Alitengeneza ndoo, mifereji ya mapaa na makopo ya kumwagilia bustani, na juma zima nyumba ililia kama ngoma. Majirani walisema watoto wa nyumba ile wakipelekwa mahali penye ukimya wataugua. Lakini siku ya mapumziko nyundo ililala. Baba alivaa shati lake la kijani lililochujuka mabegani, akatia karai kwenye gunia, akaniita, "Mtoto wa mtoni, twende," nasi tukapanda kwenda korongoni.

Mto wetu unashuka mlimani kwa kujipenyeza katika korongo refu, kuta za mawe huku na huku. Ni jembamba kiasi kwamba jua huingia mchana na kutoka kabla hujakausha nguo. Dhahabu imo, ila ni vumbi. Zamani walikuja watu wenye mashine za kupimia, wakapima, wakakunja mahema, wakaenda zao. Mto ukabaki kwa watu kama baba, wanaoosha mchanga jinsi wengine wanavyocheza drafti. Bwana misitu pale kizuizini, penye njia ya kupandia mlimani, alikuwa na sharti moja tu: karai na mikono, mashine hapana.

Mwandani wa baba huko mtoni alikuwa Sonara, mzee mmoja mwenye duka dogo la kutengeneza saa na pete. Alikuwa hodari wa maneno kuliko wa karai.

"Umepata?" baba alimuuliza kwa sauti, kutoka ng'ambo ya pili.

"Nimepata," alijibu Sonara.

"Nini?"

"Mafua."

Nao walicheka, na korongo likawarudishia kicheko chao hadi mbali kule juu.

Karai lenyewe baba alilifua kutoka kwenye mfuniko wa pipa la chuma cheusi. Alichota changarawe nyuma ya jiwe kubwa, pale maji yanapopumzika, akalizamisha karai na kulitikisa huku na huku, akaliinamisha kidogo, akayaachia maji yachukue ya juu. "Mchanga mwepesi una haraka zake," aliniambia. "Uache uende. Sisi tunamngoja mzito." Yalitoka mawe, ukatoka mchanga wa kahawia, ukabaki mchanga mweusi mwembamba kama wanja pembezoni mwa karai. Tena ukiwa na bahati, nyuma ya ule mweusi zilijificha chembe mbili tatu za njano. Alizigusa kwa ncha ya kidole kilicholowa, akakipeleka kidole kwenye mdomo wa kichupa cha dawa ya sindano kilichojaa maji, chembe zikazama.

Kushika kichupa ilikuwa kazi yangu. Nilikaa juu ya jiwe bapa mchana kutwa nikimtazama, wala sikuchoka. Nadhani ndiko nilikojifunza kutulia.

Mama hakuupenda mchezo ule. "Ungekuwa unaosha vyombo ningekuelewa," alimwambia baba. "Kuosha mchanga?" Baba alipomtolea methali kwamba haba na haba hujaza kibaba, mama alikitazama kile kichupa akasema, "Hiki chako hakijazi hata kifuniko."

Halafu siku moja mlango ulimbana mama kidole cha pete. Kilivimba kikawa kama kiazi, ikabidi baba aikate pete ya ndoa kwa msumeno wake mdogo, ulimi nje, jasho likimtoka kuliko mgonjwa mwenyewe. Pete ilikuwa ya shaba, ikavunjika vipande. Baba aliviokota, akavitazama, akasema, "Nitakutengenezea nyingine. Ya mtoni."

"Haya," mama alisema, kidole chake kikiwa ndani ya maji ya chumvi. "Sasa umepata na kibali."

Naye hakuacha uchokozi. Msimu wa mvua ule alilichukua karai akanyweshea kuku, likasahauliwa uani, likashika kutu. Baba hakugomba. Alikaa na jiwe la kusugulia siku nzima, kimya, na ukimya wake ulitutisha kuliko nyundo. Safari iliyofuata, asubuhi, alilikuta karai limefungwa kwenye shuka. Alipolifungua lilikuwa linang'aa mafuta. Mama alikuwa anakoroga chai, ametupa mgongo.

Baba alilitazama karai, akautazama mgongo wa mama. "Ahsante, mama watoto," alisema.

"Usinishukuru. Ni chuma tu."

Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande wa jiko, nikamwona akiitabasamia sufuria. Kuanzia hapo alilipaka kila liliporudi kutoka mtoni. Hakuwahi kuja nasi hata mara moja, ila mafuta yake yalikuja.

Kuanzia hapo baba naye alipata mazoea mapya. Tukifika, kabla hajagusa maji, aliwasha vijiti kati ya mafiga matatu na kulishikilia karai juu ya moto hadi likatoa moshi.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Lina baridi," alisema. "Limelala ukutani. Acha liote."

Nilikuwa mtoto, nikaamini. Hata nilisogeza mikono yangu kando yake, tukaota moto sote watatu, baba, mimi na karai.

Nilimaliza darasa la saba, nikapelekwa kujifunza cherehani, na siku za mapumziko zikageuka kuwa siku za watu kufuata nguo zao. Sikwenda tena mtoni. Sonara naye magoti yalimkataa. Baba aliendelea peke yake miaka mingi, hadi kifua kilipomshika, na msimu mmoja tu wa baridi ukamchukua. Cha mtoni tulichobaki nacho kilikuwa karai na kichupa.

Sasa mwaka huu mke wa kaka yangu alijifungua mapacha, huko mbali kaka anakofanya kazi, naye akamwomba mama akakae nao. Siyo kutembea, kukaa. Mama alikubali. Akaanza kugawa masufuria kwa majirani, hili la fulani, hili la fulani, na kila sufuria lilipotoka nyumba ilizidi kuwa na mwangwi. Ndipo nikaingiwa na wazo. Mama asipande gari la kaka mkono mtupu. Apande na pete yake.

Nilikipeleka kichupa kwa Sonara. Alivaa miwani yake ya jicho moja, akakigeuza mbele ya taa.

"Hiki tunafahamiana," alisema. "Hii iliyoko chini kabisa ni ya siku baba yako alipoteleza akaanguka na nguo zote. Akatoka na karai kichwani. Nikamwambia, mwenzangu, kofia inakupendeza." Aliimimina dhahabu, akaikausha, akaipima kwenye mizani yake midogo huku amezuia pumzi. "Pete inatoka. Lakini itakuwa nyembamba ya kumkata kidole. Niletee nyingine kidogo, kiasi cha punje ya mtama, nikupe pete ya kuvalika."

"Nitaitoa wapi, mzee wangu?"

"Mimi natengeneza saa, binti yangu, sitengenezi mto. Mto uko palepale."

Jioni nilimkuta mama kitandani kwake anakunja nguo za safari. Nilikiweka kichupa juu ya mto wa kulalia, nikamweleza. Aliacha kukunja.

"Sitaki pete ya mto ule," alisema.

"Mama, ni ahadi yake."

"Najua ni ahadi yake. Kaa hapa. Umeshakuwa mtu mzima, nikuambie." Alilaza viganja juu ya magoti. "Baba yako hakuwa anakwenda kuosha mchanga tu. Huko juu kulikuwa na mtu. Anamkaangia."

"Mtu gani?"

"Ningemjua ningesema mtu? Ningemtaja. Lile shati la kijani asubuhi linatoka hapa linanuka sabuni, jioni linarudi linanuka mafuta ya kukaangia. Kila safari. Nimelifua mimi, kwa mikono hii. Tena anafika hapa anakula sahani mbili."

"Mama, aliyekwisha kupikiwa hali sahani mbili."

"Ndiyo ujanja wenyewe."

"Lakini nilikuwa nakwenda naye."

"Na wewe ulikuwa unanuka vilevile. Nilijua unapewa vya kukaanga ufunge mdomo. Sikukulaumu. Mtoto ni tumbo."

"Mbona hukumuuliza?"

"Ukimuuliza mwanamume, lazima akupe jibu. Mimi sikutaka jibu, nilitaka mume." Alichukua gauni jingine, akalikung'uta. "Penye moshi hapakosi moto, na penye harufu ya mafuta hapakosi mpishi. Kirudishe kichupa chake."

"Na karai, mbona ulikuwa unalipaka? Mpaka leo unalipaka."

Alinitazama kama niliyeuliza swali la kijinga. "Chuma kina kosa gani?"

Siku zile nilikaa kwenye cherehani bila kuwapo. Nilishona suruali nikaunganisha miguu miwili ya kushoto, ikabidi nifumue yote, na fundi wangu akaniuliza kama mteja ni kaa anayetembea upande. Nilikuwa nafikiri. Kwa miaka niliyokwenda mtoni ningeweza kuapa kwamba hapakuwa na mwanamke. Ila baada ya hapo? Miaka yote aliyokwenda peke yake mimi nikikata vitambaa? Sikuweza kuapa. Nilijua jambo moja tu, kwamba mama anaondoka, na sikutaka aondoke na jiwe lile kifuani. Pete bila hilo kutoka ingekuwa chuma kingine cha kufungia kabatini.

Siku ya mapumziko ilipofika nililishusha karai. Mama alikuwa mlangoni.

"Unakwenda kumtafuta?"

"Nakwenda kutafuta punje ya mtama."

"Haya. Ukimkuta, msalimie."

Korongo lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka, au mimi nimekua. Jiwe langu bapa lilikuwepo, limepata ukoga upande mmoja. Mafiga matatu ya baba yalikuwepo pia, meusi kwa masizi, mvua haikuyaosha. Niliyapita. Nilikuwa na haraka ya punje ya mtama.

Nilichota nyuma ya jiwe kubwa, nikatikisa, nikamwaga, sikupata kitu. Nikachota tena. Mchana ulipofika nilikumbuka ufa mmoja kwenye mwamba, ambao baba alikuwa akiukwangua kwa kijiko. Niliukwangua kwa kijiko, nikaosha polepole, na nyuma ya mchanga mweusi nikaziona chembe za njano, nyingi, nzuri, zimejipanga. Niliingiza maji kidogo ili zitengane na mchanga.

Zikapanda juu.

Nasema nilichokiona. Dhahabu, kitu kizito kuliko vyote vilivyomo mtoni, ilielea juu ya maji kama unga, ikazunguka mara moja kama inayoaga, ikapita ukingoni mwa karai na kwenda zake. Nilidhani macho yananidanganya. Nilichota tena kwenye ufa uleule. Ikawa vilevile. Mara hii sikuhangaika kuikamata. Nililituliza karai mapajani, nikatazama tu. Kuzunguka kila chembe maji yalikuwa na rangi za upinde wa mvua, kama maji ya mahali wanapooshea magari. Nilipitisha kidole kwenye chuma. Kiliteleza.

Mafuta. Mafuta ya mama yalikuwa yananyanyua dhahabu na kuifukuza.

Niligeuka nikayatazama mafiga.

Nilikusanya vijiti, nikawasha, nikalishikilia karai juu ya moto kwa kitambaa. Kwanza lilitoa jasho. Kisha ukainuka moshi mwembamba wa buluu, na harufu ikaja, na harufu ile ilikuwa shati la kijani. Baba alikuja mzima mzima, mabega yake, viganja vyenye makovu ya bati, mluzi wake usio na wimbo, na uzito wa kichwa changu begani mwake tukishuka mlima jioni. Nilikuwa nimesahau kwamba naikumbuka harufu ile. Nililiacha karai lifuke hadi moto ukaanza kuzima, kwa kuwa sikutaka iishe.

Angemwambia nini mama? Kwamba kitu kimoja alichokubali kumfanyia katika mchezo wake, baada ya kejeli zote, ndicho kinachomharibia? Alikwisha kumshukuru. Akaona ni heri kuwasha moto, na mtoto akiuliza, kumwambia karai lina baridi.

Karai lilipopoa nililisugua kwa mchanga, nikachota kwenye ufa. Dhahabu ilikaa chini kama mtu aliyeambiwa karibu.

Mama alinipokea uani. Nilikuwa sijafika hata kwenye ngazi, nikaona pua yake imenyanyuka.

"Na wewe sasa," alisema.

"Nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Unanuka." Sauti yake ilishuka. "Umemkuta."

Ningeweza kumwambia palepale. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mama alikwisha kuniambia kwamba mimi nilinunuliwa kwa vya kukaanga, na pua yake ilikuwa shahidi wa miaka mingi. Shahidi wa namna hiyo humshindi kwa kusema.

"Nimemkuta," nilisema.

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Alipangusa mikono kwenye gauni ingawa ilikuwa mikavu. "Ni mtu wa umri gani?"

"Mapumziko yajayo twende nikuonyeshe. Ndipo usafiri."

"Nitakwenda," alisema. "Nina maneno yangu yamelala siku nyingi."

Siku ile alivaa gauni la buluu la harusini, akavaa hereni, akabeba mkoba, na viatu vya kisigino akavishika mkononi ili avivae akifika. Sikucheka. Mtu anayekwenda kukutana na mke mwenza haendi na nguo za jikoni. Pale kizuizini bwana misitu alimtazama juu hadi chini.

"Mama, leo kuna harusi huko mtoni?"

"Kuna kesi," mama alijibu, akapita.

Tulipanda taratibu. Alipumzika mara kwa mara, akajifanya anatazama maua. Tulipoingia korongoni jua nalo lilikuwa linaingia, na maji yote yakawaka. Mama alisimama. Aliangalia kuta zile, akaangalia juu, utepe wa mbingu.

"Kumbe ni pazuri," alisema, kama anayelalamika. Kisha akavaa viatu. "Yuko wapi?"

Nilifungua shuka. Karai lilikuwa linang'aa; alilipaka mwenyewe jana yake, kwa mazoea, nami sikumzuia. Niliwasha vijiti kati ya mafiga, nikalishikilia juu ya moto.

"Nakuuliza yuko wapi, we mtoto."

"Ngoja kidogo, mama. Karai lina baridi. Acha liote."

Moshi ukainuka. Ulizunguka kwanza upande wangu, halafu upepo wa mtoni ukaugeuza kumwelekea. Nilimtazama moshi ulipomfikia. Alinitazama mimi, akalitazama karai, akayatazama yale mawe meusi kwa masizi ya miaka. Alisogea hatua, mkoba begani, akauvuta moshi kwa kiganja kama mtu anayeonja mchuzi.

"Haya ni mafuta yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ya kupikia."

"Ndiyo."

"Anayachoma kwa nini?"

Nilimweleza, kwamba chuma kikiwa na mafuta dhahabu huelea ikaenda na maji, na lazima yaungue kwanza. Alisikiliza bila kuniondolea macho.

"Kila safari?"

"Kila safari."

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Mjinga yule," alisema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwamsha mwenziwe asubuhi. Aliketi juu ya jiwe langu bapa, na gauni lake la harusini, juu ya ukoga. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipoinua uso nikaona ni kicheko, machozi yamekuja baadaye yakafuatana nacho.

"Mke mwenza nimemtengeneza mwenyewe," alisema. "Na mafuta nimenunua mimi." Alifuta macho kwa upindo wa gauni. "Unajua, nilipozidi kukasirika ndipo nilipozidi kulipaka. Nasema, asije akasema chuma chake kimeoza kwa sababu yangu. Maskini, ndiyo kumzidishia moshi. Angeniambia, ningeacha."

"Ndiyo sababu hakukuambia."

Maji yalipita. Halafu alivua viatu, akakunja gauni na kulichomeka kiunoni, akanyoosha mikono.

"Nipe."

Sikuwa na kubwa la kumfundisha. Mikono iliyopepeta mchele maisha yote haiogopi karai. Aliinamisha, akatikisa, akayaachia maji. "Usiharakishe, mama," nilimwambia. "Mwepesi una haraka zake. Tunamngoja mzito." Aligeuka akanitazama, alijua maneno yale si yangu. Mchanga mweusi ulipobaki, na nyuma yake njano, alizuia pumzi kama Sonara. Alilowesha ncha ya kidole, kilekile kilichokatwa pete, akazigusa chembe na kuzileta. Mimi nilishika kichupa. Tulifanya hivyo hadi jua likatoka korongoni, naye hakutaja kurudi nyumbani.

Sonara alipima, akasema punje ya mtama imefika na makapi yake. Nilimsimulia habari nzima. Alicheka akashika magoti.

"Mimi nilikuwa namwita Mpishi," alisema. "Miaka ile ya mwisho kabla magoti hayajanikataa, mimi naosha, yeye anapuliza moto. Namwambia, Mpishi, leo tunakula nini? Hajibu. Nikadhani ni uzee."

Kipimo cha kidole nilikichukua mwenyewe kwa uzi, kama ninavyopima mkono wa shati. Pete ilipokuwa tayari mama aliivaa kwenye dirisha la jikoni, bila shughuli, mikono ina maji.

"Inabana kidogo," alisema.

"Nitamwambia aipanue."

"Iache. Ibane."

Kaka alikuja na gari, tukafunga mizigo. Masufuria yalikuwa yamekwisha, vitanda vimebaki viwili, changu na cha wageni. Mama alikumbatia majirani, akaingia, akashusha kioo.

"Kuku usiwasahau," aliniambia. "Na lile karai nimelipaka."

"Mama. Si tulikwisha kuelewana kuhusu karai?"

"Nimelipaka vizuri, ndani na nje." Aliweka mkono wenye pete kwenye ukingo wa kioo. "Sasa wewe utafanyaje? Utaliotesha moto."

Gari likaondoka. Jikoni nililikuta msumarini, limefungwa kwenye shuka safi, na shuka limeshaanza kuonyesha alama ya mafuta.

Siku hizi nikipata nafasi napanda peke yangu, nimevaa shati la kijani. Nililipunguza mabega kwenye cherehani. Nawasha moto kati ya mafiga, nangoja moshi, ndipo naanza. Nikirudi jioni hakuna mtu mlangoni wa kuninusa. Shati nalitundika kwenye kiti, na silifui siku ileile.